Chakula cha Jioni Huanza Usiku Uliotangulia

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam chakula cha usiku huliwa saa tatu, na siku mbaya saa nne, watoto wakiwa wameanza kusinzia juu ya madaftari. Wazazi si wavivu. Anayekaa Chanika, Mbagala au Kibamba na kufanya kazi Posta au Kariakoo hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kurudi saa moja au saa mbili usiku, kutegemea foleni. Hajavua viatu, anaulizwa: leo tunakula nini? Jibu huwa ni chochote kinachoiva upesi. Ndivyo chipsi mayai, mkate na tambi zilivyojipatia nafasi kwenye meza ya familia siku za kazi, huku maharage, makande, mbaazi na supu ya kongoro vikisukumwa mpaka Jumapili.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Vyakula ambavyo mshahara wa kawaida unavimudu, na ambavyo mwili wa mtoto unavihitaji, ndivyo hasa vinavyodai saa nyingi jikoni. Steki huiva kwa dakika chache, lakini bei yake si ya kila siku. Kongoro, shingo na mifupa ni nafuu, lakini hutaka jioni nzima. Maharage yana protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi, tena hukaa kwenye ndoo miezi bila kuoza, ila hayana haraka na mtu. Mwenye pesa hununua muda pamoja na nyama. Asiye nazo huambiwa atumie muda wake, na muda nao hana.

Lakini hebu tuziangalie vizuri zile saa nyingi za maharage. Hizo ni saa za moto, si za mpishi. Hakuna anachoyafanyia maharage yakiwa yanachemka. Anayalinda tu: anaongeza maji, anachochea mkaa, anahakikisha hayashiki chini. Kazi hiyo ya ulinzi inaweza kukabidhiwa chombo, mzazi akiwa amelala au akiwa kazini, na chombo chenyewe si lazima kiwe cha gharama.

Kinachojulikana zaidi duniani ni chungu cha umeme kinachopika taratibu, kile ambacho wauzaji wa Kariakoo na wa mitandaoni hukiita slo kuka. Nacho kilitokana na maharage. Irving Naxon, mhandisi wa Chicago, aliomba hataza yake mwaka 1936 na kuipata 1940. Wazo alilipata kwa mama yake, aliyekulia Vilna, katika Lithuania ya leo. Kwa Wayahudi wa huko ilikuwa mwiko kuwasha moto siku ya Sabato, kwa hiyo Ijumaa alasiri watoto walitumwa na chungu cha cholent, mchanganyiko wa nyama, maharage na mbogamboga, wakakiweke katika tanuri la mwoka mikate. Tanuri lilikuwa limezimwa, lakini joto lililobaki ndani ya kuta zake liliivisha chakula usiku kucha. Naxon akatengeneza chungu kilichozungushiwa waya wa joto pembeni, akakiuza kwa jina la Naxon Beanery, na soko halikukijali sana. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ilinunua biashara yake, na mwaka uliofuata ikakileta upya sokoni kwa jina la Crock-Pot, ikiwalenga wanawake wa Marekani waliokuwa wakiingia maofisini kwa wingi. Mauzo yalipanda kutoka dola milioni 2 mwaka 1971 hadi dola milioni 93 mwaka 1975.

Pwani yetu haikuhitaji kufundishwa kwamba moto mdogo na subira huivisha kuliko fujo. Bokoboko la Zanzibar na Mombasa, ngano na nyama vinavyopikwa mpaka visiweze kutofautishwa, halijawahi kuwa chakula cha dakika ishirini. Waomani hufukia nyama yao ya shuwa ardhini usiku na mchana wakati wa Idi. Na kila aliyekulia kwenye nyumba inayojua pilau amewaona wakubwa wakipunguza moto chini na kuweka makaa juu ya mfuniko, kisha wakakataza mtu yeyote asifunue.

Kilichobadilika ni kwamba nyumbani hakuna mtu. Bibi aliyekuwa akikaa karibu na chungu yuko kijijini, mama yuko kazini, baba yuko kazini, na dada wa kazi, kwa wenye uwezo wa kumlipa, ana mtoto mchanga wa kubeba, nguo za kufua na mwingine wa kupokea basi la shule likifika.

Mapishi ya vitabu vya Kimarekani hayatusaidii sana hapa, kwa sababu hutaka kila kitu kiingie chunguni asubuhi kwa pamoja: nyama, nyanya, vitunguu na viungo. Jiko letu lina utaratibu tofauti, na kwa maoni yangu ni bora. Sisi tunachemsha kwanza, halafu tunaunga. Maharage huchemshwa kwa maji matupu mpaka yaive. Kisha ndipo kitunguu kinakaangwa, nyanya, karoti na hoho zikafuata, maharage yakamiminiwa humo, na tui la nazi likaja mwisho kwa wanaolipenda. Wazee waliopanga hivyo walikuwa sahihi hata kwa hesabu za kemia. Asidi ya nyanya, ndimu au ukwaju hukaza kuta za punje, na maharage yaliyotiwa nyanya mapema yanaweza kukesha motoni bila kulainika. Mtego huo huwanasa wengi wanaofuata mapishi ya kigeni neno kwa neno.

Kwa hiyo mlo wetu umegawanyika tayari. Kuchemsha kunakula saa nyingi na hakumhitaji mtu. Kuunga kunahitaji mtu, lakini ni dakika kumi na tano. Ugali hauna njia ya mkato, unasongwa wakati wa kula, nao pia ni kama robo saa. Mzazi anayefika saa moja usiku na kukuta maharage yameshaiva ataandaa ugali, maharage ya nazi na mchicha kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Yote yanategemea nani, au nini, kilichemsha.

Pendekezo langu la kwanza halina waya. Ni kapu la kupikia. Watu wa nishati wa Tanzania na Kenya wamelihubiri vijijini kwa miaka mingi, na Afrika Kusini Sarah Collins aliligeuza biashara mwaka 2008, nchi yake ikiwa kwenye mgawo wa umeme, kwa kushona mfuko mnene alioupa jina Wonderbag. Mjini tumelipuuza, pengine kwa sababu linaonekana kama kitu cha maonyesho ya Nane Nane. Tumekosea kulipuuza. Sufuria inayochemka ina joto la kutosha kumalizia kazi yenyewe, ila tukiiacha wazi joto hilo hupotelea hewani, nasi tunalazimika kulirudisha kwa mkaa au gesi dakika baada ya dakika. Kapu hulizuia lisitoke.

Kulitengeneza ni kazi ya mchana mmoja. Tafuta tenga au kapu la ukindu lenye nafasi ya sentimita kama kumi kila upande wa sufuria unayoitumia zaidi. Kwa fundi masofa wa mtaani kuna mabaki ya sponji anayoyauza kwa bei ndogo, na mara nyingine huyatoa bure. Kata vipande, vipange chini na pembeni, ukiacha shimo linalolingana na sufuria kama kiota. Sponji ikikosekana, pumba kavu za mpunga, majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu zinafaa, mradi ziwe kavu, kwa kuwa kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati yake, na kitu chenye unyevu hakina hewa hiyo. Shonea kitambaa kinachoweza kuvuliwa na kufuliwa, maana mchuzi utamwagika tu. Kisha shona mto mnene wa kufunika juu, mpana kuliko mdomo wa kapu, ukae kwa kubana. Sufuria zetu zisizo na mikono zimeumbwa kwa kazi hii, zinazama kiotani bila kuacha mwanya.

Sasa maharage yenyewe. Yachambue usiku, au wape watoto kazi hiyo, wanaipenda kuliko wanavyokiri. Asubuhi kabla ya kutoka yaloweke, ndani ya friji kama unayo, kwa sababu kwenye joto la Dar maji ya kuloweka huanza kuchacha kabla ya jioni. Ukirudi, mwaga maji yale, suuza, tia maji mapya yapite juu ya punje kwa vidole viwili. Usizidishe, kapu halikaushi maji kama jiko. Weka motoni wakati ukipika chakula cha usiku huohuo. Yakianza kuchemka kwa nguvu, hesabu dakika kumi na tano kamili mfuniko ukiwa juu, kisha ipua bila kufunua. Kama unatumia mkaa, futa kitako cha sufuria kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu cheche iliyoganda hapo inaweza kuunguza kapu zima. Ingiza kiotani, funika mto, ondoka. Kabla ya kulala, saa nne au saa tano, itoe, ichemshe tena kwa nguvu dakika tano, uirudishe. Alfajiri utakapofunua, mvuke utakupanda usoni, punje zitakuwa zimeshiba maji, nyingine zimepasuka maganda, na ukiibonyeza moja kati ya ulimi na kaakaa itapondeka. Gesi iliyotumika ni ya dakika chache tu, na hakuna aliyeamshwa usiku kuongeza maji.

Sufuria iwe imejaa walau robo tatu. Sufuria nusu tupu ina joto kidogo na hupoa haraka, kapu liwe zuri vipi. Wakazi wa nyanda za juu, Mbeya, Njombe au Nairobi, waongeze muda wa kuchemsha, kwa sababu huko juu maji hayafiki nyuzi 100. Kwenye mita 1,700 yanachemka karibu nyuzi 94, na maharage yanalijua hilo. Tena kuna maharage yaliyokaa ghalani msimu mzima kwenye joto na unyevu, ambayo hayalainiki hata ufanye nini. Nunua ya msimu mpya, muulize muuzaji bila aibu. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1, na kwa familia inayotegemea maharage hiyo ni hasara isiyo ya lazima.

Baada ya maharage, mengine ni rahisi. Makande yanakwenda vivyo hivyo, mahindi yaliyokobolewa yakitangulia kuchemka dakika kumi zaidi. Choroko, dengu na kunde hazihitaji kuchemshwa mara ya pili. Wali huchemka dakika tano, ukaingia kapuni dakika arobaini na kutoka punje moja moja, jambo ambalo wapishi wengi wa gesi hawaamini mpaka waone. Kuku wa kienyeji na nyama ya shingo vinataka uvumilivu zaidi: vichemke nusu saa nzima, vikae saa nne, vichemshwe tena. Kongoro ni kazi ya usiku wa Ijumaa, kwa sababu kano zake haziyeyuki na kuwa rojo bila saa nyingi za joto, na kapu peke yake linaweza lisitoshe. Hapo ndipo umeme unapofaa.

Kabla ya umeme kuna mambo ambayo lazima niyaseme kwa sauti.

La kwanza ni jiko la mkaa linaloachwa likiwaka ndani usiku kucha ili kongoro au maharage yaive kufikia asubuhi. Kila msimu wa mvua na baridi tunasoma habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Mkaa unaofuka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamshwi nayo. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Kwa mwaka 2020 peke yake Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 vilivyotokana na moshi na hewa chafu ya majumbani. Mzazi mwenye haraka asijaribu kamwe kuokoa muda kwa njia hii. Kapu halina moto, na hilo peke yake lingetosha kulitetea, hasa kwenye chumba na sebule ambako watoto hulala hatua mbili kutoka jikoni.

La pili ni sumu iliyo ndani ya maharage mabichi, hasa mekundu. Punje nne au tano zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu mzima. Sumu hiyo huharibiwa na mchemko wa kweli wa dakika kumi au zaidi, na huzidi makali maharage yakipashwa moto mdogo usiofika kuchemka. Chungu cha umeme kinachopika taratibu kinaweza kukaa kwenye joto hilohilo dogo kwa saa nyingi. Kwa hiyo usitie maharage makavu moja kwa moja kwenye chungu hicho. Loweka, mwaga maji, chemsha kwenye jiko la kawaida kwanza, ndipo uhamishe. Karatasi za maelekezo zinazokuja na vyombo hivi mara nyingi zimeandikwa Kichina au Kiingereza chenye herufi za sisimizi, na onyo hili halionekani kabisa.

La tatu ni chakula cha vuguvugu. Chakula kilichopikwa kikishuka chini ya nyuzi 60, bakteria huanza kuzaana, na kwenye hali ya hewa ya pwani kisiachwe hivyo zaidi ya saa mbili. Kijiko unachoonjea kinatakiwa kiunguze. Kama alfajiri sufuria ni vuguvugu tu, kapu lako lina mwanya au sufuria haikujaa, na chakula hicho kimwage hata kama kinauma. Kukichemsha upya si dawa ya kila kitu, kwa sababu sumu inayoachwa na baadhi ya bakteria, kama wale wanaopenda wali, haiharibiki kwa kuchemshwa. Kwa sababu hiyohiyo kapu si la kuachwa tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja usiku. Hizo ni saa kumi na nne, na hakuna sponji inayoshikilia joto hivyo. Kapu ni mfanyakazi wa usiku. Alfajiri maharage yapate mchemko mmoja, ya mchana yaingie hotpoti yakiwa ya moto, yaliyobaki yamwagwe kwenye chombo kipana yapoe haraka, yaende friji yakangoje kuungwa jioni. Asiye na friji apike kiasi cha kwisha mchana huo, au awe na mtu nyumbani wa kuyachemsha tena saa nne asubuhi.

Sasa umeme. Chungu kinachopika taratibu hutumia kati ya wati 100 na 250. Cha wati 200 kikiwaka saa nane kinakula uniti 1.6, na kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayelipa karibu Sh356 kwa uniti, hiyo ni kama Sh570. Si ghali. Presha kuka ya umeme, inayosoma wati 1,000 na kuwatisha watu, kwa kweli hutumia kidogo zaidi, kwa sababu hujizima yenyewe ikishapata mgandamizo. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa mara nyingi huiva humo kwa chini ya nusu uniti na chini ya saa moja, tena kwa mchemko unaomaliza ile sumu. Watafiti wa TaTEDO, shirika la nishati la Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa mpango wa utafiti wa upishi wa MECS unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza, wamewafuatilia wapishi wa nyumbani wakiandika kila mlo na kila uniti, na kwa vyakula vigumu kuiva umeme wa presha umeushinda mkaa kwa gharama. Serikali nayo imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ukiniuliza kipi ninunue kati ya hivyo viwili, nitakujibu presha kuka bila kusita.

Hata hivyo chungu cha taratibu kina uzuri wake: hakimngoji mtu. Vile vyenye saa hujihamisha vyenyewe kwenye hali ya kutunza joto chakula kikishaiva. Kwa kongoro, kwa nyama ya mchuzi ya mbuzi mzee, kwa mifupa ya supu ya mgonjwa, sijaona kinachokishinda. Ila kwetu kina maadui wawili. Umeme ukikatika saa nne asubuhi wakati uko kazini na kurudi saa nane, vingi vyenye saa haviendelei vilipoishia, na vile vya kitufe cha kuzungusha huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, nawe hutajua chakula kilikaa saa ngapi kikipoa. Adui wa pili ni LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Uniti zikiisha mchana hakuna wa kuingiza namba. Ndiyo maana nashauri nacho kipike usiku, wenye nyumba wakiwepo, kikianzishwa saa mbili usiku na kuipuliwa alfajiri. Ukiona dalili kwamba umeme ulikatika kwa muda mrefu na hukuwepo, mwaga.

Wenye ndugu Marekani wawe macho pia. Vyungu vya huko vimetengenezwa kwa volti 120, na soketi zetu zina volti 230. Zawadi nzuri ya shangazi kutoka Minnesota inaweza kuungua ikichomekwa. Akitaka kusaidia, atume pesa, kinunuliwe hapa.

Nyama isiingie chunguni ikiwa barafu, kwa sababu itakaa saa nyingi kwenye uvuguvugu kabla ya kupata moto. Chungu kijazwe kati ya nusu na theluthi mbili. Na kisifunuliwe kila mara, kwa sababu kila unapofunua unaongeza kama dakika ishirini.

Limebaki la watu, nalo ni gumu kuliko la vyombo. Utaratibu huu ukiachwa mikononi mwa mama peke yake utakuwa mzigo mwingine juu ya mizigo: kukumbuka kuloweka, kukumbuka kuchemsha, kukumbuka kuipua. Kazi zake ni ndogondogo na zinagawanyika vizuri mno kuachwa kwa mmoja. Baba anayetoka wa kwanza asubuhi aloweke. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuchambua. Anayechelewa kulala kwa sababu ya mpira achemshe ile mara ya pili wakati wa mapumziko, dakika tano zinamtosha. Mwanamume anayesema hajui kupika hawezi kusema hajui kuweka sufuria ndani ya kapu. Familia ikishazoea, watu huanza kuulizana saa mbili usiku kesho wanataka nini, na swali hilo ni jepesi kujibu kuliko lile la leo tunakula nini.

Usifanye kila siku. Chemsha mara mbili kwa wiki, Jumapili na Jumatano, kiasi cha siku mbili tatu. Maharage yaliyoiva hukaa vizuri kwenye friji siku tatu, na kwenye freza miezi, yakigawanywa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja. Siku nyingine ziwe za dagaa, samaki na mayai, ambavyo havikuhitaji subira tangu mwanzo.

Kwa mzazi anayesoma hapa, mtaani kwako kuna fundi masofa na sokoni kuna tenga. Anza na kapu, pesa yake haizidi ya kuku mmoja. Ukilizoea, weka akiba ya presha kuka. Chungu cha taratibu kije cha tatu, kwa nyumba inayopenda kongoro na yenye umeme usiokatika ovyo. Na maharage, yawe ya kapu au ya chungu cha taratibu, yaloweke, mwaga maji, na yachemke dakika kumi na tano kwa nguvu kabla ya jambo lingine lolote.